Binti wa Liuli apeleka posa kwa profesa!

LEO naomba tuziweke kando zile stori zetu za nani kaporwa mume na nani kaonekana wapi saa nane za usiku. Leo nina posa. Siyo posa ya kuoa wala kuolewa, tulieni. Ni posa aliyoipeleka binti mmoja wa kule kwetu, kando ya Ziwa Nyasa, kwa profesa mmoja wa Marekani, ili akubaliwe kusomea udaktari wa saikolojia tiba chini yake. Jina la binti ninalo, lakini ameniomba nilitie kapuni mpaka majibu yatoke. Anasema akikosa, hataki watu wa Mbamba Bay wamuulize sokoni, "Vipi Mzungu wako, kakukataa?"

Tulisoma naye sekondari pale Mbinga mjini. (Msianze! Hajawahi kuwa mpenzi wangu, na yule jamaa aliyetuma mtu kuniuliza mwaka jana nilimjibu ukweli mtupu.) Mimi Kidato cha Nne ndiyo kikawa kituo changu cha mwisho, nikashuka, nikaingia kwenye kalamu. Yeye alipanda gari jingine, akaenda mpaka Dar, akarudi na shahada ya kwanza ya saikolojia. Leo yuko kwao Liuli, anamsaidia mama yake kuanika na kuuza usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa ambao ukishawazoea wa Mwanza utawaona makapi. Jioni anasoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo maisha ya msomi wetu kwa sasa.

UNASOMEA VICHAA?

Mama yake alipoambiwa kwamba binti anataka kuendelea na masomo yale yale, tena ng'ambo, aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwa hiyo unakwenda kusomea vichaa?"

Usimcheke mama wa watu. Nani kati yetu hajawahi kumwambia mwenzake "wewe umetoroka Mirembe"? Hospitali ile ya Dodoma tumeifanya tusi la kijiweni, na kwa wengi wetu hapo ndipo elimu ya afya ya akili inapoanzia na kuishia. Mimi nimekulia Mbinga na sijawahi hata siku moja kusikia mtu akisema, "Nitachelewa kidogo, napitia kwa mwanasaikolojia." Tunapitia kwa padri, kwa mchungaji, kwa mganga, kwa shangazi. Na kilabuni, tena huko ndiko kwenye foleni.

Basi kwa faida ya wale ambao mpaka leo wanachanganya: daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyeongeza masomo, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anapima na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi yenye utaratibu wake. Siyo yale ya "pole, Mungu yupo". Kuna hatua, kuna vipimo, kuna kikao cha kwanza na kuna kikao cha mwisho. Kliniki ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa na Lightner Witmer mwaka 1896 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Na ukitaka kuwashangaza wenzako kijiweni, waambie mwaka huo huo wa 1896, kule Lutindi kwenye milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye makao hayo yakageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo ipo mpaka leo. Kwa hiyo wanaosema mambo haya yameletwa juzi na televisheni, tuwaache waendelee.

ZIWA LILIPOMCHUKUA BABA

Sasa kwa nini binti wa muuza usipa, mwenye shahada ambayo ingeweza kumpatia kazi kwenye shirika lolote pale Songea, ajitie kwenye shughuli ya kumtafuta profesa asiyemjua?

Kule ziwani kuna upepo wa kusini unaoitwa mwera. Katikati ya mwaka unapovuma, wavuvi wenye akili zao wanashona nyavu nchi kavu. Lakini usipa hawana kalenda, na ada ya shule haina kalenda. Baba yake alitoka jioni na wenzake wawili, taa zikiwa zimewashwa kama kawaida. Asubuhi ulipatikana mtumbwi. Watu hawakupatikana, siku hiyo wala siku nyingine.

Sisi tulikuwa Kidato cha Pili. Alirudi shuleni baada ya wiki mbili, akakaa kwenye dawati lake, na sikumbuki kama kuna mtu yeyote aliyejua amwambie nini. Mwalimu wa zamu alimpa ruhusa asifagie. Huo ndio ulikuwa ushauri nasaha wote alioupata.

Lakini ukimsikiliza yeye, habari siyo yake. Ni ya mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na miaka saba. Msiba ulikaliwa, watu walilia, sufuria zilipanda na kushuka, lakini kaburi halikuwepo. Mtoto hakuona jeneza, hakutupa udongo. Basi akawa kila alfajiri anakwenda ufukweni mitumbwi inaporudi, anahesabu wanaoshuka. Alifanya hivyo kwa miezi. Baadaye akaacha kuzungumza darasani, akaanza kukojoa kitandani, akawa anapigwa shuleni kwa kosa la kunyamaza. Alipelekwa kwa mganga, akapelekwa kuombewa. Wakubwa wakasema huyo ni mtoto tu, atasahau.

Leo kijana huyo ana miaka 18, ana misuli ya kupiga makasia, na dada yake anasema mwera ukivuma usiku bado halali. Anakaa nje mpaka kunapambazuka.

"Hakuna aliyewahi kukaa naye akamuuliza anafikiri baba yuko wapi," binti aliniambia. "Hata mimi sikumuuliza. Nilikuwa naogopa atanijibu."

UTAFITI WA MOSHI NA BUNGOMA

Alipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, alikutana na utafiti mmoja ambao, kwa maneno yake, ulimkosesha chakula cha mchana. Uliongozwa na Shannon Dorsey, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, akishirikiana na watafiti wa Tanzania na Kenya, na ulichapishwa mwaka 2020. Walichukua watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote, wengine wa Moshi, wengine wa Bungoma kule Kenya, mjini na vijijini. Waliotoa tiba hawakuwa maprofesa wala madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa hapo hapo, waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto walikaa kwenye kikundi chao, walezi kwenye chao, wiki hadi wiki, wakajifunza kuusimulia msiba badala ya kuukimbia.

Ikawaje? Ilisaidia, lakini siyo sawa kila mahali. Baada ya mwaka mmoja, Bungoma watoto waliopata tiba ile walikuwa bado mbele ya wale waliopata huduma za kawaida. Moshi makundi mawili yalikuwa yamelingana.

Mimi ningesoma hapo nikafunga ukurasa, nikaenda zangu kuangalia mpira. Yeye akakwama hapo hapo. Kwa nini Moshi tofauti ilipotea? Na swali lake la pili, ambalo ndilo mzigo wake mpaka leo: tiba hii inamfundisha mtoto kusimulia kifo cha mzazi wake. Je, mtoto ambaye hajaamini kama kifo kimetokea? Mtoto wa mvuvi, ambaye baba hana kaburi, anasimulia nini? Pwani yote ile, kuanzia Mbamba Bay kupanda Liuli mpaka Lituhi, nyumba za namna hiyo zipo, na ng'ambo ya ziwa kule Malawi, au ukishuka pwani hiyo hiyo mpaka Msumbiji, hali ni ile ile.

Hapo ndipo alipoamua kwamba haendi kutafuta kazi ya semina. Anakwenda kutafuta mtu wa kumsimamia alijibu swali hilo.

POSA INAPELEKWA KWA MTU

Hapa ndipo vijana wengi mnapopigwa changa la macho, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Tumezoea kuomba chuo. Unajaza fomu, unaweka chaguo la kwanza, la pili, la tatu, unasubiri majina yabandikwe. Lakini udaktari wa saikolojia tiba kule Marekani, ule wa utafiti unaoitwa PhD, sehemu nyingi hauombi chuo peke yake. Unamwomba mtu. Unasema, nataka kuja kufanya kazi na profesa fulani, kwenye maabara yake, juu ya jambo hili. Kamati inakaa, sawa, lakini kama profesa huyo hakutaki, au mwaka huo hachukui mwanafunzi, alama zako nzuri ni kama pete bila kidole.

Mambo yamekuwa hivyo kwa sababu fani yenyewe iliamua iwe hivyo. Mwaka 1949 wakubwa wao walikutana mji wa Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba afundishwe mambo mawili kwa pamoja, kutibu na kutafiti. Sasa utafiti haufundishwi na ubao, unafundishwa kwa kukaa na fundi, kama ushonaji. Fundi mmoja anachukua mwanafunzi mmoja kwa mwaka, pengine wawili, pengine hamna kabisa. Na wanaoomba kwenye idara moja ni mamia. Kuna udaktari mwingine unaoitwa PsyD, wenyewe unaelemea zaidi kwenye kutibu na unachukua watu wengi zaidi, ila wengi wanajilipia. Kwa mtu wa usipa, huo ni wa kuusoma kwenye kipeperushi tu.

Uzuri wa PhD ni kwamba ukikubaliwa, vyuo vingi vinakusamehe ada na kukupa posho, na wewe unalipa kwa jasho, unafundisha wa chini yako na kusaidia utafiti. Ni miaka mitano mpaka saba, ukiwemo mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini au kliniki kabla hujapewa cheti. Mtu anayekwenda na miaka 26 anarudi ana miaka 33. Mama yake akishapiga hesabu hiyo, alinyamaza akaendelea kugeuza dagaa.

BARUA YA KWANZA NILIITUPA

Kwa kuwa mimi ni "mwandishi", barua yake aliniletea niisome. Akashuka nayo stendi ya Mbinga, tukakaa mgahawani, chai na chapati. Barua ilikuwa kurasa mbili. Ilianza na salamu kwa profesa na familia yake yote, ikaingia kwenye umaskini wa kwao, ikapita kwenye kifo cha baba, ikaomba msaada mara sita (nilihesabu), na ikamalizia kwa kumwombea profesa baraka na maisha marefu. Ilikuwa barua nzuri sana ya kumwandikia mbunge.

Nilimwambia, dada, barua ya posa haisemi "nioe kwa sababu kwetu tuna njaa". Huyu mtu anaamka asubuhi anakuta barua pepe kama hizo rundo. Anachotaka kujua ni vitu vitatu: umesoma kazi zake, una swali gani, na mwaka huu anachukua mwanafunzi au hachukui. Vyuo vingi vinaandika kabisa kwenye ukurasa wa idara nani anachukua na nani hachukui, kwa hiyo hata hilo la tatu aangalie kwanza asije akauliza kilichoandikwa.

Kuna binamu yake mmoja wa Dar, mtoto wa mjini, alimshauri aache kuhangaika, kompyuta siku hizi zinaandika zenyewe. Wakaipa kazi. Ikatoka barua tamu kama halua, kila sentensi imepigwa pasi, lakini ukiisoma hujui kama mwandishi ametoka Liuli au Lima kule Peru. Tukaiacha.

Barua aliyoipeleka mwishoni ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Mimi ni fulani, nina shahada hii. Nimesoma kazi yako hii na hii. Nimekulia kwenye kijiji cha wavuvi ambako watoto wengi wamefiwa bila kuona maiti. Kazi yako inasema hivi, mimi naona swali hili halijajibiwa. Je, utachukua mwanafunzi kwa mwaka ujao? Asante. Kuhusu mdogo wake aliweka nusu mstari tu, na hiyo nusu tulibishana chai ikapoa. Mimi nilitaka aitoe kabisa, kwa hofu kwamba wataona anakwenda kujitibu mwenyewe. Yeye akasema wakimuuliza kwenye usaili kwa nini swali hili, atalazimika kusema uongo. Ikabaki. Na mpaka leo naona yeye ndiye aliyekuwa sahihi, ingawa wapo watakaokwambia uikate.

(Profesa aliyeandikiwa siyo yule Dorsey niliyemtaja juu. Jina ninalo, nalo liko kapuni na la mwenzake.)

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Mistari miwili. Ndiyo, anatarajia kuchukua mwanafunzi mmoja, na swali lako linanivutia, tafadhali omba. Basi. Binti alinipigia simu akipiga kelele mpaka nikadhani kuna aliyefariki. Nikamwambia taratibu, hapo umeruhusiwa kuleta posa tu, mahari hayajatajwa.

WASHENGA NA MSHIKO

Posa haipelekwi na mwenyewe. Lazima washenga, na huku wanataka watatu, watu waliokufundisha au kukusimamia, waandike barua za kukueleza na kuziingiza wao wenyewe kwenye mtandao wa chuo. Wewe huzioni. Sasa hapo ndipo nchi yetu inapokutoa jasho. Mwalimu ana wanafunzi mia tatu, kakusahau jina, kompyuta yake ina shida, yuko safari. Mwingine anakwambia andika mwenyewe halafu nitie sahihi. Binti alikataa hilo, akawapelekea kila mmoja karatasi moja yenye kumbukumbu: nilifanya mradi huu kwako mwaka huu, nikapata alama hizi, kasoro yangu uliyoisahihisha ilikuwa hii. Wawili wameshaingiza barua. Wa tatu bado anasema "kesho".

Halafu mshiko. Ada ya maombi kwa chuo kimoja mara nyingi inacheza kwenye dola 50 mpaka 100 na kitu. Mtihani wa Kiingereza, ule wa TOEFL, dola mia mbili na ushee, ingawa wapo wanaousamehe kwa aliyesoma chuo kwa Kiingereza, na wapo wanaosamehe hata ada ya maombi ukiandika na kuomba mapema. Watu wengi hawaombi kusamehewa kwa sababu wanaona aibu. Aibu ya nini? Mtihani mwingine wa GRE, uliokuwa unawatoa watu roho, idara nyingi zimeuacha miaka hii ya karibuni, lakini siyo zote, uliza. Bodi yetu ya Mikopo, ambayo ilianza kazi mwaka 2005, macho yake yako zaidi kwa wa shahada ya kwanza, kwa hiyo huko usitegemee.

Aliyeokoa jahazi ni mjomba wake wa Litembo, Mmatengo wa ngoro na kahawa, mtu wa maneno machache. Malipo ya kahawa yalipotoka alimwita binti, akahesabu noti mezani, akasema, "Anko hajui hiyo saikolojia. Ila yule mdogo wako namwona." Akamwongezea na nauli.

Wakati huo huo kuna ofisi moja ya mjini, mawakala wa "masomo nje", walikuwa wameshamwambia alete laki tano wamtafutie profesa. Jamani, wakala hawezi kukusomea makala ishirini za profesa. Laki tano hiyo nunua kitoweo.

NJIA NYINGINE ZIPO

Mvuvi hatupi wavu mmoja. Binti huyu anaomba pia Muhimbili, kile chuo kikuu cha afya, MUHAS, ambacho kina shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Kule unaomba masomo, na msimamizi unampata ndani, ukifika kwenye tasnifu. Msidharau cha nyumbani. Mwaka 2002 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa kupima kama dodoso la Hopkins la maswali 25, lililotungwa kwa Wamarekani, linaweza kumgundua mjamzito mwenye VVU wa Dar es Salaam aliyezama kwenye sonona. Huo ndio mtihani wenyewe: Wamarekani wanauliza kwa maneno yao, na mama wa Temeke anakujibu "moyo unaniuma, mawazo mengi".

Makerere na Nairobi nako kuna uzamili wa fani hii. Afrika Kusini wanakuita kwenye usaili mkali, nafasi za kuhesabu kwa vidole. Ujerumani udaktari unaanza kwa kumpata msimamizi kwanza, na kwa lugha yao wanamwita Doktorvater, baba wa udaktari. Wapo wanaofanya kazi kwetu: Tobias Hecker wa Bielefeld na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya viboko na tabia za watoto wa shule za msingi za Tanzania. Ukitaka kujua kama jambo lako ni la kisomi, jiulize kama uliwahi kuchapwa nalo.

HABARI IKICHELEWA LIULI

Nimalizie na saa. Mwisho wa kupokea maombi kwenye chuo chake ni tarehe 1 Desemba, saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu hiyo ni tarehe 2, saa mbili kasoro dakika moja asubuhi, mama ameshatandaza dagaa. Nilimwambia una usiku mzima wa ziada. Akacheka, akanikumbusha kisa cha hapo hapo kwao.

Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe lile kubwa bandarini. Mwezi Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa pale inatengenezwa, ndipo ikaja Gwendolen ya Waingereza kutoka ng'ambo na kuitwanga mzinga. Nahodha wa Kijerumani akapanda kwenye kimtumbwi, akamfuata mwenzake akiwaka hasira, anamuuliza amelewa? Maskini, vita vilikuwa vimeshatangazwa na yeye hakuwa na habari.

"Mimi sitaki kuwa yule nahodha," alisema. Kwa hiyo hatasubiri mtandao wa Liuli. Tarehe 28 Novemba anapanda gari, anapita Mbamba Bay, anakula lami mpaka Mbinga, atalala kwa shangazi yake na kutuma kila kitu siku tatu kabla. Akiitwa kwenye usaili, itakuwa Januari au Februari, kwa video, na tumeshapatana chumba chenye pazia. Wakimkubali, ana mpaka tarehe 15 Aprili kujibu.

Mdogo wake ameuliza kama atamhoji na yeye kwenye huo utafiti. Dada mtu hakuwa na jibu. Alisema itabidi aulize, kuna taratibu za kuhoji ndugu.

Leo naandika haya, mshenga wa tatu bado hajaingiza barua. Kama ni wewe mwalimu na unasoma gazeti hili kwa siri ofisini, unajijua. Wiki ijayo tukutane hapa hapa, nina mambo ya harusi moja ya Songea ambayo bwana harusi aliikimbia kwa bodaboda!